Korongo wa Larkmere

Foleni ya Mashua za Kinamasi ilikuwa imejikunja mara nne, ikatoka kivulini, ikapita vyoo vya wanaume, ikaenda kuishia kwenye kibanda cha mapaja ya bata mzinga. Bango lilisema dakika mia moja na ishirini. Miaka yote mashua zile mtu alizipanda bila kungoja, akitaka tu kupumzisha miguu na kulikwepa jua la Florida. Lakini Alhamisi wakubwa wa bustani ya michezo ya Larkmere walikuwa wametoa picha ya kuchora: mlima wa shaba, mawingu ya zambarau, watoto wanacheka meno nje. Eneo jipya, Nchi ya Wafuga Radi, kutokana na zile filamu tatu za jina hilo. Itajengwa wapi? "Upande wa ziwa," walisema, wakafunga midomo. Na upande wa ziwa ndiko ziliko mashua. Kwa hiyo Jumamosi watu walikuja kama wanaokwenda kumjulia hali mgonjwa.

Yesenia Borrero alisimama katikati ya foleni hiyo na gauni la manjano, pindoni ameshona korongo weupe kwa mkono wake. Shingoni alivaa mkanda mpana uliojaa beji za chuma, zikigongana kila alipogeuka. Mashabiki wa Larkmere wana sheria yao ambayo hakuna aliyeiandika: beji za upande wa kulia hubadilishwa, kitu kwa kitu, za upande wa kushoto, upande wa moyo, haziombwi.

"Samahani dada. Ile ya korongo, ungekubali nikupe nini?"

Yesenia aligeuka. Mwanamume mrefu, pua imebabuka kwa jua, shati la buluu limepigwa pasi kupita kiasi kwa mtu aliyekuja kucheza, na saa kubwa mkononi yenye vitufe vitatu.

"Leo ndiyo mara yako ya kwanza kuja Larkmere?"

"Mimi? Nimekuja hapa tangu niko tumboni."

"Basi mama yako hakukufunza. Ya kushoto haiombwi."

"Mama alikuwa mwombaji sana. Alisema asiyeomba hulala na njaa."

"Lala nayo."

Yule mwanamume akacheka, na Yesenia, bila kutaka, akamtazama meno. Ilikuwa mazoea ya kazi. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akisafisha meno ya watu kliniki moja ya Kissimmee, na kazi ile ilikuwa imemfunza jambo moja: binadamu ni mwongo. Kila aliyelala kwenye kiti chake aliapa kwamba anapitisha uzi katikati ya meno kila siku, na ufizi wake ukimwaga damu wakati huohuo anaapa.

Kisha akaiona beji ya upande wa kulia wa yule bwana. Shaba tupu. Wafuga Radi.

"Kumbe wewe ni wa upande ule."

"Mtu hawezi kupenda filamu na mashua pia?"

"Anaweza. Kama anavyoweza kumpenda kuku na kisu."

"Naitwa Wendell Pruett," alisema yule bwana, "na kuku nampenda sana."

Walipofika gatini walikuwa wameshabishana kuhusu mambo saba na kukubaliana juu ya moja tu, kwamba aiskrimu ya nanasi ya Larkmere imepunguzwa nanasi. Wakaketishwa pamoja, safu ya nne. Mashua ikaingia chini ya matawi ya mivinje ya bandia, kwenye giza la baridi linalonuka maji ya zamani na mafuta ya mashine, ile harufu ambayo watu wa Larkmere wangeitia kwenye chupa kama ingewezekana. Mamba wa mpira akapiga mkia. Kwenye kona ya kusini, akatokea Agatha.

Agatha ni korongo wa chuma, wa mwaka 1974. Kazi yake ilikuwa kuinama na kudaka samaki. Miaka kumi na tisa iliyopita shingo ilikwama, na tangu hapo hutetemeka tu, kama mtu aliyetaka kusema neno likampotea. Kila mashua ikipita watu humpigia makofi.

Yesenia alipiga makofi. Alipogeuka alimwona Wendell amebonyeza kitufe cha saa.

"Unapima nini?"

"Mazoea tu."

Neno lile lilimkwama Yesenia kama punje ya mahindi kwenye jino. Lakini kwenye ngazi za kutokea alijaribu jambo lake la siku zote, lile alilomfanyia kila mwanamume.

"Wendell, uzi wa meno unapitisha kila siku?"

"Sipitishi," alijibu. "Labda wiki moja kabla sijaenda kwa watu kama wewe, ili niwadanganye."

Alikuwa wa kwanza katika miaka kumi na moja. Yesenia akampa namba ya simu.

*

Basi simu zikaanza. Asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza. Saa sita, mdomoni ana sandwichi ya Kikuba. Jioni, mvua ya radi inapopiga paa za Kissimmee.

"Unafanya nini, kipenzi?"

"Nimetoka kumng'oa mtu ugaga wa miaka minne. Na wewe?"

"Nashughulika na maji."

"Maji gani?"

"Yale yanayokataa kwenda unapotaka."

"Hilo si jibu, Wendell. Hicho ni kitendawili."

"Ukikitegua nitakununulia paja la bata mzinga."

"Mawili. Lile moja utalila njiani."

Kila Jumapili asubuhi walikutana getini na kupanda mashua, safu ya nne. Wendell alimletea kofia alipoisahau yake, Yesenia akamshonea kifungo cha shati palepale kwenye foleni. Mapenzi yakakolea. Lakini kila Jumapili, mashua ikikata kona ya kwanza, kidole cha Wendell kilikwenda kwenye saa; na ikimfikia Agatha, kilikwenda tena.

Ni lazima ieleweke Yesenia alikuwa nani kwa watu wale. Siku za Alhamisi alikuwa na kipindi chake mtandaoni, kikiitwa Gatini, na watu elfu arobaini walimsikiliza. Walimsikiliza kwa sababu alisoma vibali. Kampuni inaweza kufunga midomo yake, lakini haiwezi kumwaga ndoo ya maji Florida bila kupeleka michoro ofisi ya kaunti, na ofisi ya kaunti huiweka wazi kwa kila mtu. Kila Jumanne alfajiri Yesenia alifungua michoro hiyo kama wengine wanavyofungua Biblia. Hakuna aliyemfunza kuisoma. Alijifunza mwenyewe, miaka miwili nyuma, walipoibomoa Treni ya Machungwa, mchezo mwingine wa Larkmere.

Mwenzake katika kipindi alikuwa Corliss Hanrahan, mwenye miaka sabini na moja, dereva mstaafu wa basi la shule, aliyepanda mashua siku ya kwanza zilipofunguliwa. Wote walimwita Bi Corliss.

"Huyo bwana wako anafanya kazi gani?" aliuliza Bi Corliss siku moja.

"Ya maji."

"Maji ni kazi? Mwanangu, mimi nimeendesha basi miaka thelathini. Mtoto anayekaa kimya nyuma ndiye mwenye chura mfukoni."

"Unamwonea."

"Anakuuliza tunayoyapanga?"

Yesenia alifikiri. "Hapana. Tukifika hapo hubadili mazungumzo."

"Ndiyo hivyo. Chura huyo. Mtege."

Alimtega. Alimwambia Wendell peke yake kwamba Jumapili mashabiki wote watavaa nyeusi na kukaa kwenye mashua wakatae kushuka. Jumapili ikafika: hakuna mlinzi aliyeongezwa, hakuna aliyeuliza kitu, na Wendell alikuja na shati jeusi.

"Nilifikiri tunagoma," alisema, akitazama magauni ya maua yaliyomzunguka.

Yesenia alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha kicheko kilipokwisha akajiambia kwamba jasusi hodari hanasi kwenye mtego wa kwanza.

*

Jumanne moja ya mwezi wa tano kibali kikatoka. Maji ya ziwa la Larkmere, kurasa thelathini na mbili. Yesenia aliufungua ukurasa wa tisa. Mfereji wa mashua ulikuwa umechorwa, tangu gatini, kona kwa kona, na ndani yake umefuatishwa mstari mnene wa vipande vipande. Kwenye michoro ya Treni ya Machungwa kila kilichokuwa na vipande vile kiling'olewa. Alikiona kiking'olewa kwa macho yake.

Akateremka mpaka chini, penye muhuri wa mhandisi. Akasoma jina. Akalisoma tena, akafunga kompyuta, akaifungua.

W. R. Pruett.

Alimpigia simu akiwa bado na nguo za kulalia.

"Laazizi, umeamka mapema."

"Larkmere wamekuajiri lini?"

Upande wa pili alisikia lori likirudi nyuma, pii, pii, pii.

"Yese."

"Nina saini yako mbele yangu. Ulipokuwa unaminya hiyo saa yako, ulikuwa unapima kaburi?"

"Nilitia saini karatasi ya kunyamaza. Kabla sijakujua. Siwezi kusema la ndiyo wala la hapana."

"Kwa hiyo ndiyo."

"Sikusema ndiyo."

"Ulikaa nami Jumapili kumi na moja. Ulinishika mkono Agatha akitetemeka. Walikutuma kwangu?"

"Hakuna aliyenituma kwako. Nilitaka ile beji."

"Usinichekeshe, Wendell."

"Sichekeshi. Yese, ile michoro..." Lori likalia tena, pii. "Siwezi. Nina watu sita chini yangu, kazi zao zimeshikana na yangu."

"Basi kaa nao," alisema, akakata.

Alhamisi, kipindini, Yesenia aliwaambia watu elfu arobaini mambo mawili. La kwanza, mfereji wote unafukiwa, ushahidi anao. La pili, kampuni ilikuwa imepandikiza mtu miongoni mwa mashabiki. "Jumamosi, kwenye mdahalo wa mashabiki," alisema, "nitawaonyesha sura yake."

Wendell alipiga simu mara tisa. Hakupokea hata moja, lakini alizihesabu.

*

Mdahalo ulifanyika saa sita mchana katika ukumbi wa hoteli kando ya barabara ya 192, palipojaa harufu ya kahawa na zulia. Watu mia tano, beji zinalia kama kengele za mbuzi. Kushoto walikaa wa korongo, kofia nyeupe. Kulia walikaa wa shaba, vibwebwe na makoti ya radi. Safu ya tatu walikaa mwanamke na mwanamume wenye vibao vya jina la kwanza tu kifuani, na kila mtu alijua wametumwa na kampuni.

Aliyeutetea upande wa shaba alikuwa Tobin Achterberg, mwalimu wa muziki, amevaa joho la shaba linalomtoa jasho.

"Binti yangu ana miaka sita," alisema Tobin. "Kwake Agatha ni ndege mbovu. Radi ndiyo anayoiota. Mnataka tuje hapa na watoto wetu kila mwaka tuomboleze?"

"Nataka aone kitu kibovu kinachopendwa," alijibu Yesenia. "Huko nje atakiona wapi?"

Wa kofia nyeupe wakapiga miguu. Tobin mwenyewe akatikisa kichwa, kama mtu aliyepigwa ngumi nzuri.

"Lakini nani amekwambia lazima kimoja kife ndipo kingine kiishi?" aliuliza.

"Karatasi imeniambia." Yesenia akabonyeza, na ukurasa wa tisa ukajaa ukutani. Alikuwa amevaa gauni jeupe siku hiyo, na mistari ya mchoro ikamwangukia begani. "Tazameni mstari huu wa vipande. Unafuata mfereji tangu gatini. Tuliuona kwenye treni. Vipande maana yake kinaondoka."

Ukumbi ukaguna. Sauti zikapanda: "Tuonyeshe mtu. Tuonyeshe mtu."

Picha iliyofuata ilikuwa tayari. Muhuri, saini, na chini yake Wendell kwenye mashua, safu ya nne, anacheka. Picha aliyoipiga yeye mwenyewe. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Akibonyeza, kufika jioni jina lile litakuwa limetapakaa dunia nzima. Asipobonyeza, atakuwa amewaahidi watu elfu arobaini akawarudisha mikono mitupu.

"Kwanza maswali," alisema Bi Corliss, aliyeshika kipaza sauti kwenye ujia. "Sheria ni sheria. Swali, si hotuba. Wewe, jina?"

"Wendell."

Yesenia aliinua macho. Lile shati la buluu, limepigwa pasi. Alikuwa amesimama wa kwanza kwenye mstari, mkono mmoja umeshika saa ya mkono wa pili. Safu ya tatu, mwanamke mwenye kibao aligeuza shingo polepole, akamtazama, akafungua kijitabu.

"Swali langu ni la nyumbani kwako, dada Yesenia," alisema Wendell. "Jikoni kwako bomba la maji linapita chini ya sakafu mpaka kwenye sinki. Ukipewa karatasi ulichore, na sakafu iko juu yake, utalichoraje?"

Watu wakacheka. "Fundi bomba kapotea njia," mtu alisema. "Mkutano wa mabomba ni ghorofa ya pili, bwana."

"Hilo tu," alisema Wendell. Hakwenda kukaa.

Yesenia alifungua mdomo atoe kejeli. Haikuja. Bomba lililo chini ya sakafu halionekani. Basi huwezi kulichora kwa mstari mzima, kama ukuta. Utalichora kwa... Akageuka, akautazama ukuta.

Vipande.

Alikaribia mpaka kivuli chake kikaangukia ziwa. Mstari ulianzia kwenye pampu mpya. Ulipita chini ya mfereji, tangu gatini, na kila hatua chache ulikuwa na duara dogo, tundu la kutolea maji. Nani anayezika bomba jipya la kujaza maji chini ya mfereji anaotaka kuufukia? Kwenye treni walikuwa wanabomoa, na mchoro wa kubomoa una lugha yake. Huu ulikuwa mchoro wa maji. Alikuwa ameusoma kama mtu anayesoma cheti cha kuzaliwa akidhani ni cha kifo.

Akamkumbuka kwenye ngazi za kutokea: sipitishi. Katika Jumapili kumi na moja alikuwa amenyamaza mara nyingi. Hakuwa amemdanganya hata mara moja. Na sasa amekuja kusimama mbele ya watu waliompa kazi, kwa ajili ya kuuliza habari za jikoni.

"Bwana huyu ameuliza swali zuri," alisema Yesenia. "Jibu ni kwamba ningelichora kwa vipande. Nimewafundisha vibaya. Mstari huu si wa kuondoa. Ni bomba, liko chini, linaleta maji. Niliusoma kwa mazoea ya treni, nikawatia hofu watu elfu arobaini kwa kosa langu mwenyewe."

Ikasikika zomeo, kutoka upande wake, kofia nyeupe.

"Na jasusi?" mtu aliita. "Ulituahidi sura."

Yesenia alifunga kompyuta. Ukuta ukawa mweupe.

"Mwenye kosa mnamtazama. Sura ndiyo hii."

Bi Corliss alimtazama Yesenia, akamtazama Wendell, akarudi kwa Yesenia. Miaka thelathini ya kutazama kioo cha basi haipotei. Akakinyanyua kipaza sauti.

"Anayefuata," alisema. "Na wewe uliyezomea, nakuona. Kaa chini."

*

Jumapili asubuhi foleni ilikuwa ya dakika kumi tu. Wendell alikuwa tayari getini, macho mekundu, mikononi ana mapaja mawili ya bata mzinga saa tatu asubuhi.

"Umekitegua kitendawili," alisema.

"Wamekufanya nini?"

"Bado. Nimeitwa ofisini kesho. Nitawaambia niliuliza habari za sinki."

"Wataamini?"

"Yule mwanamke mwenye kibao aliniuliza kama kweli mimi ni fundi bomba. Nikamwambia, kwa namna fulani."

Yesenia hakucheka. Alikuwa amepoteza wasikilizaji elfu tisa tangu jana, na usingizi wote. "Nilitaka kulianika jina lako, Wendell. Kidole kilikuwa pale."

"Nilikiona."

"Na mpaka sasa nakutazama natafuta kitu unachoficha."

"Nakificha," alisema. "Usiku na mchana. Kitakwisha siku watakayofungua ile nchi yao. Miaka mitatu. Unaweza kuishi na mtu wa hivyo?"

Wakaketi safu ya nne. Mashua ikaingia kwenye giza la baridi, mamba akapiga mkia. Kwenye kona ya kwanza kidole cha Wendell kilikwenda kwenye saa, kikasita.

"Bonyeza," alisema Yesenia. "Unapima nini? Na usiseme mazoea."

"Mwendo wa maji."

"Tangu siku ile ya kwanza?"

"Siku ile ya kwanza nilikuwa napima maji. Ya pili nikawa napima maji, na muda uliobaki kabla hujashuka. Yote mawili."

Mtu anayetaka kumlaghai angetaja la pili tu. Yesenia aliliona hilo, akaliweka.

Jambo moja alikuwa hajalisema kwa mtu yeyote, hata kwa Bi Corliss. Usiku kucha alikuwa ameutazama ukurasa wa tisa. Ule mstari wa vipande ulifuata mfereji kona kwa kona, lakini ulikoma hatua chache kabla ya kona ya kusini. Baada ya hapo palikuwa peupe, hakuna bomba la kumletea Agatha maji.

Kona ya kusini ikafika. Agatha alikuwa palepale kwenye kijisiwa chake, manyoya yamechubuka, shingo inatetemeka. Watu wakapiga makofi.

"Na yeye?" aliuliza Yesenia.

Wendell alitazama mbele. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alimshika mkono, akaukaza mpaka beji zikalia, na hakumpigia Agatha makofi, maana mkono alikuwa hauachii.

Yesenia angeweza kuuliza tena. Angeweza kukisoma kimya kile kwenye kipindi cha Alhamisi, akarudisha wale elfu tisa na zaidi. Badala yake alimtazama ndege yule mpaka akamalizika nyuma ya mivinje. Kisha akainua mkono kwenye mkanda wake, akaing'oa beji ya korongo upande wa kushoto, akaichomeka kulia.

Wendell aliiona.

"Kitu kwa kitu," alisema Yesenia. "Na ile ya shaba siitaki."

Wendell akaivua ile saa. Mkono wake ulikuwa na alama nyeupe pale ilipokaa. Akamfunga Yesenia, tundu la mwisho kabisa na bado ikapwaya, na mashua ilipogonga gati alikuwa amekwisha kuichomeka beji kwenye shati lake la buluu, upande wa moyo.

"Miaka mitatu," alisema Yesenia, akibonyeza kitufe. Mshale mwembamba ukaanza kukimbia. "Nakuhesabia."